Vita vya Mjerumani vilipoisha, nani alitugawa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Marehemu babu yangu alikuwa kuli bandarini, na kila tukipita naye alikuwa akituonyesha upande mmoja wa gati na kusema, 'Hapa palikuwa kwa Mbelgiji, kodi yake faranga moja kwa mwaka.' Tulidhani anatutania. Bibi ni Muha wa Manyovu, lakini nusu ya ukoo wake uko ng'ambo, Burundi. Shuleni tulifundishwa kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa Berlin mwaka 1884. Babu alisema kabla ya vita ya Mjerumani mpaka huo haukuwapo, na kwamba Mjerumani aliposhindwa alituuza kwa Mwingereza. Nani mkweli? Na kama tulikuwa chini ya udhamini, si koloni, mtu wa kawaida alifaidika nini? Mdogo wangu naye, kwa habari za vita anazozisikia kila siku, anaogopa kwamba ikija vita kuu nyingine tutagawanywa upya. Mwisho, nyumbani tuna karatasi ya Kijerumani yenye muhuri, inasemekana ni hati ya shamba la baba yake babu. Kaka yangu anataka kumlipa mtu anayesema atatufuatilia fidia Ujerumani. Tufanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na babu yako, Mungu amrehemu, kwa sababu kwenye gati na kwenye mpaka alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ulichofundishwa darasani. Kwenye hilo la kuuzwa ndipo ninapotofautiana naye, ingawa uchungu uliomfanya aseme hivyo ninauelewa.

Mkutano wa Berlin ulikaa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Ulishughulikia zaidi biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, pamoja na masharti ambayo taifa la Ulaya lilipaswa kuyatimiza kabla ya kudai sehemu ya pwani ya Afrika. Mpaka wa Manyovu haukutajwa pale. Hata mpaka wetu na Kenya haukutoka kwenye mkutano ule: ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, kisha yale ya 1890. Vita vya kwanza vya dunia vilipolipuka mwaka 1914, Buha, Burundi na Rwanda zote zilikuwa ndani ya koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni kweli kila moja ilikuwa na watawala wake wa jadi, na Wajerumani waliziendesha Rwanda na Burundi kwa kupitia wafalme wao. Kwa hiyo mipaka ya falme ilikuwapo. Ambao haukuwapo ni mpaka wa dola mbili, wenye forodha na bendera tofauti kila upande. Huo ulizaliwa mwaka 1919, na uliwakata ndugu za bibi yako bila yeyote kati yao kuulizwa.

Ulizaliwaje? Hapo lazima tutazame nani alikuwa amesimama wapi bunduki ziliponyamaza. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia kutoka Kongo. Wengi wa askari wake walikuwa Wakongo, na wapagazi pia. Lilichukua Rwanda na Burundi, likafika Kigoma mwezi Julai, na Septemba likaingia Tabora. Wajerumani, kabla ya kuondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen isiangukie mikononi mwa adui. Ndiyo Liemba hiyo unayoijua: Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kuirudisha ziwani 1927. Upande wa pili Waingereza, wakiwa na askari wa Kihindi, wa Afrika Kusini na wa makoloni yao ya Afrika, walishika pwani na sehemu kubwa ya reli. Jemadari wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, aliendelea kukimbizana nao mpaka alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Waliolipa gharama kubwa ya mbio hizo ni wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, yanakaribia laki moja. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao, Carrier Corps.

Basi Ujerumani haikutuuza. Aliyeshindwa hakuwa na cha kuuza. Ibara ya 119 ya Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, iliilazimisha iachie haki zake zote juu ya makoloni, na haki hizo ziende kwa mataifa makubwa yaliyoshinda. Kumbe kabla hata ya saini hiyo wakubwa walikuwa wameshagawana. Mapema Mei 1919 walikubaliana kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani iende kwa Uingereza. Ubelgiji ikaja juu: vipi wapewe Waingereza nchi ambayo wanajeshi wetu ndio wamekaa ndani yake? Waziri wa makoloni wa Uingereza, Lord Milner, akakaa na mwanadiplomasia wa Ubelgiji, Pierre Orts, na mwishoni mwa mwezi huo huo wakaafikiana: Rwanda na Burundi kwa Ubelgiji, zilizobaki kwa Uingereza.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wangu wengi huduwaa wakilisikia. Ubelgiji haikuwa na shauku kubwa na Rwanda na Burundi. Ilichokitaka ni ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, uliokuwa wa Ureno kule Angola. Hesabu yake ilikuwa hivi: sisi tuwaachie Waingereza ardhi tuliyoiteka, Waingereza waipe Ureno kipande kusini mwa koloni la Mjerumani, na Ureno itupe sisi ukingo ule. Ureno ikakataa. Ikaambulia pembe ndogo ya Kionga, kusini mwa mdomo wa mto Ruvuma, na Ubelgiji ikabaki na nchi mbili ilizokuwa imezishika kama dau la biashara nyingine. Ninakuomba uliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu huwa tunadhani nyuma ya kila mpaka kuna mtu aliyeketi akapanga. Mara nyingi kuna mapatano yaliyovunjika.

Katika mkataba wote ule wa Versailles, mtu wa nchi yetu aliyetajwa kwa jina ni marehemu. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga mwaka 1954.

Sasa faranga ya babu. Ubelgiji ilikuwa na mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi iliyohitaji kufika baharini, na njia fupi ni ziwa, Kigoma, kisha reli ya kati hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla ya kuikabidhi Kigoma kwa Waingereza, mwezi Machi 1921, ilipata mkataba wa kupangishwa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Muda wa upangaji: milele. Kodi: faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Babu yako alikuwa akiwaonyesha ibara ya mkataba wa kimataifa kwa kidole. Nitarudi kwenye gati hilo.

Kuhusu udhamini, elewa kwanza kwa nini neno lenyewe liliingia. Zamani mshindi wa vita alijitwalia tu nchi ya aliyeshindwa. Safari hii Rais Wilson wa Marekani alikuwa amesimama hadharani akisema haki ya watu kujiamulia mambo yao ndiyo itakayojenga amani, na ingekuwa aibu kumaliza vita kwa kunyakua. Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilitaka kunyakua waziwazi. Njia ya katikati iliyopatikana ni udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, chama kipya cha mataifa kilichokaa Geneva. Jan Smuts wa Afrika Kusini, aliyeupigia debe mpango huo, hakuwa anaifikiria Afrika hata kidogo; alikuwa na nchi za Ulaya ya mashariki na za Dola ya Uturuki akilini. Ulitandazwa mpaka kwetu kwa sababu ya siasa za mezani. Tukapangwa madaraja: nchi za Kiarabu kama Iraki na Siria daraja la kwanza, zikitarajiwa kujitawala karibuni, Tanganyika na Ruanda-Urundi, pamoja na Togo na Kamerun, daraja la pili, Afrika ya Kusini-Magharibi na visiwa vya Pasifiki daraja la tatu, ambazo mdhamini aliruhusiwa kuzitawala kama sehemu ya nchi yake.

Kisheria, Uingereza ilikuwa kwa Tanganyika kama msimamizi wa mirathi ya yatima: anashika funguo, anaamrisha, pengine anajinufaisha, lakini nyumba si yake na ipo siku ataulizwa hesabu. Swali lako zuri ni kama yatima mwenyewe aliiona tofauti hiyo.

Aliiona kidogo mwanzoni. Kodi ililipwa vilevile, viboko vilipigwa vilevile. Lakini linganisha na jirani. Kenya ilitangazwa koloni kamili mwaka 1920. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa tayari imeruhusu walowezi wapangishwe kwa miaka 999, na baada ya vita wanajeshi wazungu waliostaafu wakagawiwa mashamba huko, huku Mwafrika akivishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Tanganyika, mdhamini alifungwa na masharti: asijenge ngome wala kambi za jeshi, awape raia wa nchi zote wanachama wa Shirikisho haki sawa ya biashara, na ardhi ya mwenyeji isihamishiwe mgeni bila idhini ya serikali. Sheria ya ardhi ya 1923 ikaiita karibu ardhi yote kuwa ya umma. Walowezi walikuwapo, na ardhi nzuri ya Kilimanjaro na Meru walikuwa wameipata, ila hawakupata kuishika nchi. Walowezi wa Kenya walipotaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe kuwa dola moja chini yao, udhamini ulikuwa mojawapo ya vizuizi vilivyoukwamisha mpango huo mwaka 1931, pamoja na upinzani wa Waafrika wenyewe, Wahindi, na gavana Donald Cameron.

Upungufu mkubwa ulikuwa kwenye kulalamika. Chini ya Shirikisho, barua ya malalamiko ya mwananchi ilipaswa kupitia serikali ileile anayoilalamikia. Tume ya Geneva haikumsikiliza mlalamikaji ana kwa ana, wala haikuja kutazama. Ilisoma ripoti ya mwaka iliyoandikwa na mdhamini.

Vita vya pili ndivyo vilivyoufungua mlango huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 uliandika, kwenye ibara ya 76, kwamba lengo la udhamini ni kuzipeleka nchi hizo kwenye kujitawala au uhuru. Mwananchi akaruhusiwa kuandika moja kwa moja New York na hata kwenda kusimama mbele ya wajumbe. Ujumbe wa ukaguzi ukawa unakuja kila baada ya miaka mitatu hivi, kuanzia 1948. Tena ndani ya Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia nchi hizo, walikaa pia wajumbe wa nchi zisizo na makoloni, na baadhi yao walikuwa wakali kwa wakoloni.

Mwishoni mwa 1951 serikali iliwahamisha Wameru takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kupisha walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York na kuwasimulia wajumbe yaliyowapata watu wake. Fikiria uzito wa tukio hilo: mwananchi anayetawaliwa, anazungumza, na mwakilishi wa Uingereza ameketi palepale akilazimika kujibu. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, kwa hiyo kwa kura alishindwa. Aliporudi alizunguka akiwasimulia watu alichokiona, na wengi wakafahamu kwa mara ya kwanza kwamba serikali ya Mwingereza inaweza kuhojiwa. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, na hakuomba uhuru wa kesho: aliomba itamkwe wazi kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza na kwamba itajitawala hivyo. Ujumbe wa ukaguzi wa 1954 ulikuwa umetaja miaka 20 hadi 25 ya kufika huko, na Uingereza ikaona ni haraka mno. Uhuru ulikuja baada ya miaka saba.

Nisikudanganye hata hivyo kwamba udhamini ndio uliotukomboa. Uganda haikuwa na udhamini, ikapata uhuru 1962. Kenya nayo 1963, baada ya damu nyingi. Ruanda-Urundi ilikuwa na udhamini uleule kama wetu, na ndani yake Wabelgiji waliandika kabila la mtu kwenye kitambulisho. Majirani zako bado wanaishi na matokeo yake. Namibia, ile Afrika ya Kusini-Magharibi ya daraja la tatu, ndiyo mfano mchungu kuliko yote: Afrika Kusini ilikataa kabisa kuikabidhi kwa Umoja wa Mataifa, ikabaki nayo hadi 21 Machi 1990. Karatasi ya udhamini ilikuwa na nguvu pale tu watu walipoishika na kudai kilichoandikwa, na mtawala naye akawa na sababu ya kuogopa aibu.

Turudi gatini. Siku chache kabla ya uhuru, mwishoni mwa Novemba 1961, Nyerere aliliambia bunge kwamba Tanganyika haitafungwa na mkataba wa Belbase. Hoja yake ilitoka moja kwa moja kwenye udhamini: Uingereza ilikuwa msimamizi wa muda, na msimamizi wa muda hana mamlaka ya kuipangisha milele mali isiyo yake. Kwa mikataba mingine ya nchi na nchi aliyoiacha Mwingereza, alitangaza kwamba itaendelea kwa miaka miwili. Baada ya hapo itakayokuwa haijakubaliwa upya itakoma, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa yenyewe inaiendeleza. Msimamo huo husomwa hadi leo kwa jina la Nyerere katika vyuo vya sheria duniani. Mizigo ya Kongo na Burundi inapita Kigoma mpaka sasa, lakini kwa makubaliano ya nchi huru. Katika historia yote hii, hapo ndipo ninapojivunia zaidi: kifungu walichokiandika wakubwa kwa ajili ya kufunika unyakuzi wao kikawageukia, mikononi mwa mtu aliyekisoma vizuri.

Mdogo wako mwambie hivi. Hofu yake ina msingi, ila kanuni za leo si za 1919. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza kutwaa nchi kwa nguvu, na mwaka 1964, Cairo, nchi huru za Afrika zilikubaliana kuiheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, hata ile mibaya. Mtazame Idi Amin: Oktoba 1978 jeshi lake liliingia Kagera, akatangaza kwamba kipande hicho sasa ni cha Uganda. Aprili 1979 majeshi yetu yalikuwa Kampala. Mwaka 1916 Mbelgiji aliyefika Tabora alihesabu kwamba ana haki ya kugawiwa nchi. Sisi tulifika hadi mji mkuu wa adui na mpaka ukabaki palepale ulipokuwa. Hayo ni mabadiliko ya kweli, na Waafrika walishiriki kuyafanya.

Wakati huohuo Urusi iliitwaa Crimea mwaka 2014, na mwaka 2022 ikaivamia Ukraine kwa upana zaidi; Baraza Kuu limekataa kuutambua utwaaji huo, ila kukataa hakujawaondoa askari. Na Baraza la Usalama, linaloweza kuamuru hatua, bado lina viti vitano vya kudumu vya washindi wa 1945, kila kimoja na kura yake ya turufu. Afrika haina hata kimoja. Umoja wa Afrika unadai visivyopungua viwili tangu 2005. Kwa hiyo sheria ipo, mwenye nguvu anaweza kuivunja, na akiivunja kuna gharama anayolipa. Mwaka 1919 hakulipa chochote.

Sasa karatasi yenu, na hapa nakuomba uwahi. Mzuie kaka yako asitoe hata senti. Kwa upande wa ardhi, umilikaji wa moja kwa moja ulioanzia enzi za Mjerumani uligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kwa sheria ya 1963, na mwaka 1969 ukawa haki ya kumiliki ardhi ya umma kama nyingine zote. Hati ya wakati ule haiwezi kumwondoa mtu shambani leo wala kudaiwa Berlin. Malimbikizo ya mishahara ya askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani nayo yalilipwa kuanzia 1964 kwa wazee waliokuwa hai. Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji, lakini mazungumzo hayo ni ya serikali kwa serikali na hayapitii kwa wakala anayedai malipo ya kwanza. Kama ameshapokea pesa, nendeni polisi.

Inawezekana pia isiwe hati ya shamba. Karatasi nyingi zenye muhuri wa Kijerumani zilizobaki kwenye familia ni stakabadhi za kodi ya kibanda au mikataba ya kazi. Msiifunge kwa laminesheni wala gundi. Ipigeni picha pande zote mbili, kisha iwekeni pakavu ndani ya bahasha. Kama ukoo bado unalima shamba hilo, kitakachowalinda ni hatimiliki ya kimila, si karatasi hii, na hilo ni la kwenda wenyewe serikali ya kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri. Pakiwa na mgogoro, muoneni mwanasheria wa ardhi au watoa msaada wa kisheria wa wilayani. Kuisoma karatasi yenyewe kunahitaji mtu anayeujua mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, kwa hiyo mmoja wenu aende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako kumbukumbu za serikali ya Kijerumani zimehifadhiwa. Aende na picha za karatasi, jina la babu mkubwa kama lilivyotamkwa zamani, na jina la jumbe wake kama mnalikumbuka. Akifika aulizie wilaya ya Udjidji, kwa herufi hizo, maana Wajerumani hawakuiandika Kigoma.